Freddie Alikuwa na Pasipoti

Kila tarehe 20 Juni, Siku ya Wakimbizi, tunapewa vitu vitatu: fulana, soda na hotuba. Mwaka mmoja tukaongezewa cha nne, bango lenye picha ya mwanamume mwenye masharubu, ngumi juu, kipaza sauti mkononi. Mfanyakazi wa shirika moja, mtu mwema kabisa, akatuambia: "Huyu naye alikuwa mkimbizi kama ninyi. Alitoka Zanzibar akawa nyota wa dunia. Kipaji hakizuiliki!" Tukapiga makofi. Mama mmoja aliyeketi karibu yangu akaniinamia: "Papa, huyu njo nani? Aliishika kambi gani?"

Sikumjibu siku ile. Namjibu leo, nikiwa hapa Mudende. Nimekuja kwa ajili ya kumbukumbu ya Desemba, na nimesimama kwenye udongo mweusi wa volkano, kati ya mashamba ya viazi, mahali palipokuwa na kambi yetu.

Mama, hakuishi kambi yoyote.

Wandugu, sina ugomvi na Freddie Mercury. Mimi ni mtu wa korali, na sauti nzuri naijua nikiisikia. Ugomvi wangu ni na lile bango. Basi tusimulie maisha yake yote, tusiruke.

Alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, akaitwa Farrokh Bulsara. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na baba yake alikuwa mtunza fedha wa mahakama chini ya serikali ya Kiingereza. Akiwa na miaka minane hivi walimpeleka shule ya bweni huko Panchgani, India. Huko alifundishwa piano, na pamoja na wanafunzi wenzake akaunda bendi yake ya kwanza, The Hectics. Alirudi Zanzibar mwaka 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakaja Mapinduzi. Watu wengi waliuawa, Waarabu na Wahindi wakiwa wengi kati yao. Familia ikafunga mizigo ikakimbia. Yeye alikuwa na miaka 17.

Mpaka hapo yule ndugu wa hotuba yuko sawa. Hofu ile tunaijua. Kuacha nyumba na vyombo ndani, hilo nalo tunalijua.

Lakini familia ile ilikuwa na pasipoti za Kiingereza. Ilipanda ndege ikashukia London, ikakaa Feltham. Kijana akaingia chuo cha Isleworth, kisha chuo cha sanaa cha Ealing, akamaliza mwaka 1969 na diploma ya uchoraji na usanifu. Hakuna aliyemwomba barua ya ruhusa ya kutoka kambini. Aliuza nguo za mitumba kwenye soko la Kensington pamoja na Roger Taylor. Alibeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow. Aliimba katika bendi zilizovunjika, moja baada ya nyingine. Ndipo mwaka 1970 yeye, Taylor na Brian May wakaanza Queen, na mwaka 1971 John Deacon akajiunga nao. Albamu ya kwanza ilitoka 1973. Wimbo uliowapandisha kabisa, "Bohemian Rhapsody", ulitoka 1975. Ni wimbo wa karibu dakika sita, wakati redio zilitaka dakika tatu. Ulikaa juu ya chati ya Uingereza wiki tisa.

Hesabuni: kutoka 1964 mpaka 1975 ni miaka 11. Miaka 11 ya kusoma, kuuza mitumba, kushindwa na kurudia. Kitu alichokuwa nacho Freddie na ambacho sisi hatuna ni ruhusa ya kushindwa. Sisi tulipewa mradi wa muziki wa miezi mitatu. Kinanda kimoja kwa vijana zaidi ya 30. Mwezi wa tatu wakaja watu wa foto, vijana wakapewa vyeti, kinanda kikarudi ofisini. Leo wale vijana wanapiga muziki kwa madumu ya mafuta. Halafu mwaka unaofuata wanaonyeshwa bango na kuambiwa kipaji hakizuiliki! Kinazuilika. Kinazuilika kwa kufuli la stoo.

Tena liko jambo moja ambalo bango halitalisema kamwe. Mwaka 1968 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya kwa siku chache tu. Wahindi wa Afrika Mashariki walikuwa wanatoka Kenya kwa wingi, wakiwa na pasipoti za Kiingereza mkononi, na sheria ile ikawafungia mlango wale wote ambao hawakuwa na mzazi wala babu wa huko. Familia ya Bulsara ilipita miaka minne kabla. Wangechelewa, wangekuta mlango umebanwa, na kijana yule yule, koo lile lile, angebaki akizungushwa na makaratasi. Kilichomtenganisha na wale waliorudishwa ni tarehe, wala si bidii.

Sasa niseme habari ya Mudende, kwa sababu hapa bango linaniuma zaidi.

Tulitoka Masisi mwaka 1996. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi. Tukawekwa hapa, juu ya Gisenyi, kwenye baridi, chini ya shitingi. Katika karitiye yetu kulikuwa na kijana aliyeongoza korali. Hakuwa na kinanda wala gitaa. Alitupanga kwa urefu, akatupa sauti kila mmoja yake, na akikosea mtu alisimamisha wimbo wote: "Batoto, turudilie." Mambo ya kuimba ninayojua, mengi alinifundisha yeye. Agosti 1997 wacengezi walivamia kambi, wakaua watu zaidi ya 100. Tukazika, tukabaki, kwa sababu hatukuwa na pa kwenda. Desemba wakarudi, na safari hii waliouawa walikuwa mamia. Kijana wetu wa korali alikuwa mmoja wao. Sisi tuliobaki tukapelekwa Gihembe, kule Byumba, na Gihembe ilipofungwa mwaka 2021 wengi wetu wakahamishiwa Mahama.

Niambieni: yeye hakuwa na kipaji? Hakujitahidi? Ukisema aliyefanikiwa alifanikiwa kwa kipaji na bidii, umekwisha kusema kimya kimya kwamba waliolala hapa vilikuwa vimewapungukia. Najua hukukusudia hivyo. Lakini ndivyo linavyosomeka bango kwa mtu aliyezika.

Wengine watanijibu: "Papa, vijana wanahitaji tumaini." Nakubali. Lakini tumaini la kweli lina anwani: linakuambia mlango uko wapi na nani ana ufunguo. Na wazee wangu wa kambini, ninyi mnaosema muziki ni uhuni, kwanza tule: nanyi nina neno kwenu. Usiku ule wa Agosti, baada ya kuzika, mlitulizwa na nini? Rasheni? Mlitulizwa na korali. Hata Zanzibar, mwaka 2006, walikuwapo waliopinga Freddie asherehekewe, eti anawaaibisha. Leo iko nyumba ya makumbusho yake kule Mji Mkongwe, na wageni wanalipa kuingia.

Tarehe 13 Julai 1985, pale Wembley, Freddie aliimba dakika kama 20 mbele ya watu 72,000, kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Mwafrika wa kuzaliwa, aliyekimbia Afrika, akiimbia Afrika, na hakupanda pale kama mkimbizi. Alipanda kama mwimbaji. Alikufa tarehe 24 Novemba 1991 kwa ukimwi, na watu walimlilia kama mwimbaji.

Hilo tu ndilo tunaloomba. Mabango wekeni. Tuachieni chumba kimoja chenye umeme, ambacho ufunguo wake utakaa kwa vijana wenyewe. Kinanda kisirudi ofisini. Mradi uhesabiwe kwa miaka, usihesabiwe kwa foto. Na kijana akialikwa kuimba Kigali au ng'ambo, karatasi zake zitoke kabla tamasha halijaisha.

Kisha mkitaka kutundika picha ukutani, tundikeni. Lakini kando ya Freddie acheni nafasi tupu, kubwa, na chini yake mwandike: Mudende, 1997. Yule mama akiuliza tena huyu njo nani, nitamtajia jina la kijana wetu.