Tusicheke Mtoto Anaporuka Uzio

Mwezi Julai, wakati baridi ya Lushoto inapowakusanya watu katika vyumba vya chai mapema kuliko kawaida, nilimsikia mtumishi mmoja wa umma akiwasimulia wenzake habari za mwanawe. Alikuwa amenunua kompyuta kwa ajili ya masomo ya watoto, kisha akamlipa fundi aiwekee programu ya kuchuja intaneti, yaani ile inayozuia picha chafu, kamari na mengine yasiyomfaa mtoto. Kazi ya fundi ilichukua alasiri nzima. Mtoto mwenyewe, mwenye umri wa miaka 14, aliitangua kabla ya chakula cha usiku. "Huyu atakuwa injinia," alisema baba, na meza nzima ikacheka.

Nami nilicheka. Lakini njiani kurudi nyumbani nilijiuliza tulikuwa tunacheka nini. Lau mtoto yule angefungua kufuli ya duka la jirani kwa ustadi uleule, je, tungemwita injinia? Lau angefungua kabati la mitihani, je, mwalimu aliyekuwa nasi mezani angecheka? Kwa nini basi kufuli iliyowekwa kumlinda mtoto mwenyewe ivunjwe, na sisi wazazi tuone fahari?

Makala haya hayakusudii kumlaumu mtoto. Mtoto kujaribu mipaka ni jambo la umri wake. Lawama ni ya mzazi, na hasa mzazi msomi, yaani mtumishi wa ofisini na mwalimu, ambaye mara nyingi ndiye mwenye kompyuta nyumbani katika milima yetu ya Usambara, toka Soni na Bumbuli hadi Mlalo na Mtae. Mkulima wa kabichi asiyepata kugusa kompyuta aweza kusamehewa asipojua yanayopita ndani yake. Sisi tunaoandika ripoti kwa mashine hizo kila siku hatuna udhuru huo.

Yafaa kwanza tuelewane juu ya uzito wa jambo lenyewe. Utafiti uliotolewa mwaka 2022 na UNICEF pamoja na mashirika ya ECPAT na INTERPOL ulionyesha kuwa asilimia 67 ya watoto wa Tanzania wenye umri wa miaka 12 hadi 17 wanatumia intaneti, na kwamba katika mwaka mmoja tu asilimia 4 ya watoto hao walipatwa na vitendo vya wazi vya unyanyasaji wa kingono kupitia mtandao. Asilimia 4 ni tarakimu ndogo kwa anayeisoma juujuu. Mwalimu mwenye darasa la watoto 50 wanaotumia intaneti na aihesabu upya: ni watoto wawili. Ayapitishe macho yake kwenye madawati yake, kisha ajiulize ni wawili gani.

Wala sheria ya nchi haikunyamaza. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa ni mtoto, na inampa mzazi wajibu wa kumkinga na hatari za mwili na za maadili, na wa kumpa mwongozo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inawaadhibu wanaosambaza picha za ngono za watoto. Lakini polisi na hakimu hufika baada ya madhara kutendeka. Anayeweza kufika kabla ni mzazi, na wajibu huo hakuna fundi wala programu awezaye kuubeba kwa niaba yake.

Sasa tutazame uzio huo unarukwa vipi. Wengi hudhani ni elimu ya juu inayohitaji kipaji cha pekee. Sivyo hata kidogo. Katika nyumba nyingi kompyuta ina akaunti moja tu, nayo ni ile ya msimamizi, yenye mamlaka ya kuweka na kuondoa programu yoyote. Mtoto anayeitumia akaunti hiyo hana haja ya kuruka uzio, kwa kuwa amekabidhiwa lango. Katika nyumba nyingine akaunti ni mbili, ila neno la siri la baba ni mwaka wake wa kuzaliwa, au jina la mtoto yuleyule anayezuiliwa. Na ziko nyumba ambamo mtoto ndiye fundi wa familia: ndiye aliyeunganisha kompyuta na intaneti, ndiye aliyeandika maneno ya siri, na baba akiyasahau humwita yeye amkumbushe. Huko ni sawa na kumkabidhi nyani zamu ya kulinda mahindi.

Njia nyingine zapita nje ya kompyuta. Mtoto huweza kuiacha intaneti ya nyumbani yenye kichujio na kujiunga na bando la simu ya dada au rafiki. Huweza kubadili namba za DNS, ambazo huielekeza kompyuta mahali zilipo tovuti, na kichujio kinachotegemea namba hizo kikabaki mapambo. Huweza kuiwasha kompyuta kwa flashi yenye mfumo mwingine, na programu ya fundi isipate hata kuamka. Au huweka VPN, ambayo hupitisha mawasiliano yote katika njia iliyofichwa, kichujio kisione yanayopita.

Katika hiyo VPN ndipo tunapopaswa kuinamisha vichwa. Mtoto ameijulia wapi? Mwezi Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilitoa tangazo la kuwataka wanaotumia VPN kwa shughuli halali watoe taarifa zao. Mwezi Mei 2025 mtandao wa X ulipozuiliwa nchini, watu wazima waliofundishana namna ya kuufikia kwa njia hiyohiyo hawakuwa wachache. Sijadili hapa sababu za mtu mzima. Ana akili zake na atazijibia. Ninasema tu kwamba mtoto aliyekaa sebuleni akamwona baba yake akibofya kitufe ili apite palipofungwa amekwisha kupata somo lake la kwanza. Baba huyo akimkemea kesho kwa kufanya vivyo hivyo, mtoto atasikia sauti tu, maneno hatayaamini.

Wako watakaosema kuwa, ikiwa vichujio vyote vyaweza kurukwa, basi havina maana, tuviache. Hoja hii haina msingi. Hakuna mkulima wa Usambara asiyejua kuwa nguruwe mwitu huweza kupenya uzio, wala hakuna anayeacha kuuweka kwa sababu hiyo. Anachofanya ni kuweka uzio na kisha kupanda dungu usiku kulinda. Uzio humpunguzia kazi, haumwondolei. Kichujio nacho humwepusha mtoto mdogo na uchafu anaokutana nao pasipo kuutafuta, na humchelewesha mkubwa anayeutafuta. Kuchelewesha si jambo dogo, maana katika muda huo ndipo mzazi hupata nafasi ya kuzungumza naye. Kosa letu ni kuweka uzio na kwenda kulala.

Wako wengine, wakali zaidi, wasemao dawa ni kuiondoa kompyuta nyumbani. Hao wanataka kuchoma shamba ili kuua nguruwe. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada katika maktaba mtandao yake, na mtoto wa Mtae asiye na maktaba karibu aweza kuvisoma akiwa mezani kwao. Kumnyima hayo kwa sababu baba ameshindwa kusimamia ni kumwadhibu mtoto kwa uzembe wa mzazi. Tena tusijidanganye: aliyenyimwa kompyuta kwao ataipata simu kwa jirani, ambako hakuna uzio wala mlinzi.

Na wako wanaoamini kuwa amri kali na kiboko vyatosha. Hawa ningependa wakumbuke historia ya milima hiihii. Mwaka 1946 utawala wa Kiingereza ulianzisha huko Mlalo mpango wa kuhifadhi udongo, na baadaye ukaueneza katika Usambara. Wakulima waliamriwa kulima matuta, na aliyekaidi alitozwa faini. Kusudi la kuhifadhi udongo halikuwa baya. Nani asiyejua mvua inavyoukokota udongo wa miteremko yetu? Lakini watu hawakushirikishwa, kazi ilikuwa nzito, na mzigo wake mkubwa uliwaangukia akina mama. Wakulima wakaupinga mpango huo hata ukaachwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 kazi ya kuhifadhi udongo Lushoto ilirudi kwa njia nyingine: makinga maji yaliyopandwa majani ya malisho. Mkulima alipoona kwamba majani yaleyale yanayoshika udongo yanamshibisha ng'ombe wake, hakuhitaji askari wa kumsimamia.

Mtoto wa miaka 14 hana tofauti na mkulima yule. Akifungiwa bila kuelezwa, atatumia akili zake zote kutafuta mwanya, na akiupata atauona kuwa ni ushindi. Akielezwa ni nini anakingwa nacho, kwa nini, na mpaka lini, huenda bado atajaribu, lakini atajua anachokifanya. Zaidi ya hayo, siku akikutana na mtu mzima anayemwomba picha zake kwa siri, atakuwa na mahali pa kukimbilia. Mtoto aliyezoea kupigwa kwa kuruka uzio hatathubutu kusema kilichompata ng'ambo yake. Atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko mkosaji anakokutegemea.

Tufanye nini basi? Kila mzazi atenge akaunti ya msimamizi aijue yeye peke yake, na mtoto apewe akaunti ya kawaida isiyoweza kuweka wala kuondoa programu. Neno la siri lisiwe jina wala tarehe ya mtu wa nyumbani, na libadilishwe mara linapojulikana. Uwashaji wa kompyuta kwa flashi nao ufungwe kwa neno lake la siri. Kichujio kiwekwe ndani ya kompyuta na vilevile kwenye kifaa kinacholeta intaneti nyumbani, ili kimoja kikirukwa kingine kibaki. Kompyuta ikae sebuleni, si chumbani kwa mtoto, na saa zake za kuzimwa zijulikane kwa wote. Wala tusiwape watoto kompyuta za ofisi. Hizo ni mali ya umma na zina siri za umma.

Mzazi asiyejua kuyafanya hayo amwombe mwenzake amfundishe, asimwombe mtoto. Asione haya. Mtu aliyepasi mitihani ya utumishi hashindwi na kazi ya jioni moja.

Walimu nao wana nafasi ambayo hakuna mwingine anayo. Kabla ya likizo za Juni na Desemba, ambazo ndizo hasa miezi ya watoto kukaa na kompyuta, mkutano wa wazazi utenge nusu saa kwa jambo hili. Tusizungumze karo na chakula peke yake. Na darasani, somo la kompyuta lisiishie kwenye kuandika barua na kuchora majedwali. Mtoto afundishwe pia hatari zilizopo na namna ya kutoa taarifa. Yule mwenye kipaji cha kufungua kufuli apewe kazi ya halali ya kujifunza zinavyotengenezwa. Injinia hupatikana kwa njia hiyo.

Kisha, juu ya yote, tukae na watoto wetu. Tuwaulize wanatazama nini kama tunavyowauliza wamekula nini. Wazee wetu walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Kumwambia mtoto hapana, na kukaa naye mpaka aelewe sababu yake, ni kazi ya kuchosha, na ndiyo maana wengi tumependa kumwachia fundi.

Rafiki yetu wa chumba cha chai huenda bado anaisimulia hadithi yake, na pengine mwanawe atakuwa injinia kweli. Lakini asubuhi ile hakuna aliyemwuliza swali moja lililokuwa muhimu kuliko yote: baada ya kichujio kuondoka, mtoto alikwenda wapi, na alikutana na nani? Baba mwenyewe hakulijua jibu, na sisi tulikuwa tukicheka.