Magrandimasta Waletwe Huku

Kijana wa Murusagamba, kule Ngara karibu na mpaka wa Burundi, anaweza kujifunza sataranji kwa jioni chache. Ubao una vyumba 64 na kete huweza kuchongwa kwa mti. Aliyekulia kando ya bao la mashimo hahitaji kufundishwa maana ya kuhesabu hatua za mbele. Wale wasemao kwamba mchezo huu ni wa Wazungu wanatuchosha bure.

Kikwazo kimo katika kanuni za cheo. Ugrandimasta ulianza kutolewa na Shirikisho la Sataranji Duniani mwaka 1950, kwa wachezaji 27. Autakaye leo hana budi kufikisha alama 2500. Zaidi ya hapo atimize kigezo, kwa kawaida mara tatu, katika mashindano ya michezo isiyopungua tisa, na kila mara acheze kwa kiwango cha mtu mwenye alama 2600. Kati ya wapinzani wake lazima wawemo magrandimasta watatu au zaidi, na wawepo wa kutoka nchi za nje.

Kijana wa Ngara atawapata wapi hao watatu? Hata aliyeko Dar es Salaam hulazimika kuwafuata kwa ndege, tena si mara moja.

Jirani yetu Amon Simutowe wa Zambia alishika nafasi ya pili katika mashindano ya dunia ya vijana mwaka 2000. Hata hivyo, kigezo chake cha mwisho alikipata Uholanzi mwaka 2007, na alama 2500 akazifikisha mwaka 2009. Katika safari hiyo alipata ufadhili wa kusoma Marekani, katika chuo kikuu kinachothamini sataranji. Ikiwa mtu wa pili duniani katika rika lake alihangaika miaka tisa, wasio na ufadhili wafanye nini?

Upo mlango mwingine. Kenny Solomon wa Afrika Kusini alitwaa ubingwa wa Afrika huko Windhoek mwaka 2014, na ushindi huo ukampa cheo moja kwa moja. Lakini bingwa wa bara zima ni mmoja tu.

Kwa hiyo tunawataka viongozi wa sataranji wa Tanzania, Kenya na Uganda wakae pamoja na kuandaa, kila mwaka na kwa zamu, mashindano ya michezo tisa yenye magrandimasta wa kigeni na wageni wengine wenye alama za kutosha. Gharama ipo, hatukatai. Lakini nauli ya wageni wachache huwanufaisha vijana wote watakaoketi nao mezani, ilhali nauli ya kijana mmoja kwenda Ulaya humnufaisha yeye peke yake. Zamu yetu ikifika, mashindano yafanyike Mwanza, ambako kijana wa Murusagamba atafika kwa basi.