Karanga kwa mtoto muchanga: kuogopa kulikosea wapi?

Wamama wengi wanajiuliza: mtoto muchanga anaweza kula karanga? Kwa miaka mingi, waganga wa Uingereza na Marekani walijibu: kama ndani ya jamaa kuna alerji, angojee mpaka miaka 3. Waliogopa kwa haki, maana alerji ya karanga inaweza kuvimbisha koo na kuua mtu. Lakini watoto wenye alerji hiyo walizidi tu kuongezeka.

Ndipo Gideon Lack na wenzake wa London wakaamua kupima. Walichukua watoto 640 wa miezi 4 mpaka 11, wote wenye ekzema kali ao alerji ya mayai. Nusu walikula karanga kila juma, nusu walikatazwa kabisa. Matokeo yalitoka 2015: kwa miaka 5, kati ya waliokatazwa, karibu 17 kwa 100 walikuwa na alerji, kati ya waliokula, 3 tu kwa 100. Kumbe katazo lenyewe ndilo lilikuwa na hatari.

Tuangalie vizuri lakini. Watoto wenye kipimo cha ngozi kilionyesha alerji ya nguvu hawakuingizwa katika utafiti. Basi mtoto mwenye ekzema kali, mupeleke kwanza kwa muganga. Wengine, karanga ya kutwanga, laini, ndani ya uji. Karanga nzima hapana, inaziba koo.

Shauri la afya, hata la waganga, lipimwe kwanza. Woga peke yake hautoshi.