Dada Akizuiwa Mlangoni, Usipite Tu



Mitihani ya chuo ikifika, malalamiko ni yale yale. Dada wa niqabu anaambiwa afunue uso mbele ya foleni nzima au arudi hosteli. Mtihani unawekwa Ijumaa saa saba mchana, ukiuliza unaambiwa chagua: swala ama digrii.

Kutambuliwa hatukatai. Afisa wa kike anaweza kumtambua dada faraghani, dakika mbili yamekwisha. Tunachokataa ni kudhalilishwa.

Katiba ya 2010 iko wazi. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa dini na hata wa mavazi. Cha 32 kinasema usinyimwe nafasi katika taasisi yoyote kwa sababu ya imani yako. Cha 47 kinakupa haki ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi ukigusa haki zako.

Kwa hivyo likikufika, itisha sababu hizo. Andika siku hiyo hiyo: saa, ukumbi, maneno yaliyosemwa. Peleka barua kwa ofisi ya wanafunzi na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri. Wakinyamaza, nenda Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, KNCHR.

Na wewe uliyekuwa kwenye foleni ukaona? Wewe ni shahidi. Usimwache alie peke yake. Tia jina lako kwenye barua yake.

Msabato naye akiwekewa mtihani Jumamosi, simama naye. Kifungu ni kile kile.