KUACHA KAZI KWA BARUA, SI KWA HASIRA

Miongoni mwa mashauri yaletwayo mbele ya Chama, limo moja lirudilo kila mara: la wauguzi waachao kazi katika zahanati na hospitali za watu binafsi hapa mjini, tangu Kariakoo na Gerezani hata Upanga. Muuguzi apata kazi mahali pengine, au achoka na zamu za usiku zisizo na mapumziko. Aenda kwa msimamizi wake kuaga, na hapo ndipo ajuapo kuwa mlango wa kutokea ni mwembamba kuliko ule wa kuingilia. Aambiwa mshahara wa mwezi ule hataupata. Aambiwa vyeti vyake vimo kabatini na vitakaa humo humo. Aambiwa ya kuwa leseni yake itafutwa.

Wengi wakisikia maneno hayo huvua sare, hutupa funguo mezani, wakaenda zao. Twawahurumia, lakini hatuwezi kuwasifu, maana ndilo jambo alitakalo msimamizi dhalimu.

Chini ya Sheria ya Mabwana na Watumishi ya mwaka 1923, mtumishi Mwafrika wa Tanganyika aliyeacha kazi pasipo ruhusa aliweza kushitakiwa, akatozwa faini au akafungwa. Siku hizo zimekwisha, ijapokuwa wako wasimamizi ambao kalenda yao haijapita mwaka huo. Leo yatawala Sheria ya Ajira na Uhusiano Kazini, Na. 6 ya mwaka 2004. Alipwaye kwa mwezi, akiisha kupita mwezi wa kwanza wa kazi, hutoa notisi isiyopungua siku 28, kwa maandishi, yenye sababu na tarehe. Notisi hiyo haiendi pamoja na likizo. Lakini sheria hiyo hiyo yasema ya kuwa mtumishi akikataa kufanya kazi siku za notisi, mwajiri aweza kukata fedha za siku hizo katika malipo yake. Basi atokaye kwa hasira humpa msimamizi kwa mkono wake mwenyewe haki ambayo hakuwa nayo.

Mwenye mkataba wa muda maalumu na aangalie zaidi. Huyo hawezi kujiuzulu kabla ya muda wake ila mwajiri awe amevunja sharti kubwa la mkataba, au wawe wamepatana. Na ausome mkataba kabla ya kuandika neno lo lote.

Twashauri hivi. Barua na iandikwe nakala mbili, moja itiwe sahihi na tarehe ya kupokelewa, au ipitishwe katika daftari la dispachi. Msimamizi akikataa kuipokea, ipelekwe kwa rejesta ya posta. Barua iwe fupi, isiyo na matusi. Katika siku za notisi, zamu zifanywe kama kawaida. Siku ya mwisho funguo za kabati la dawa, daftari la dawa zilizofungiwa na vyombo vya wodi vikabidhiwe kwa orodha yenye sahihi mbili. Mgonjwa hana ugomvi na mtu. Asiachwe peke yake kitandani kwa sababu wakubwa wamekosana. Tena muuguzi aliyemwacha mgonjwa pasipo kumkabidhi kwa mwenziwe amejitilia shaka katika kazi yake.

Ama leseni, hiyo si mali ya zahanati. Hutolewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania kwa sheria ya mwaka 2010. Msimamizi aweza kushitaki huko, lakini kuhukumu si kazi yake. Vyeti ni vya aliyevisomea. Waingiao kazini wawape waajiri nakala, waziweke asili nyumbani.

Atokaye anastahili mshahara wa siku alizofanya kazi, malipo ya likizo aliyoichuma asiichukue, na hati ya utumishi. Akinyimwa, aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Madai ya fedha kama haya yana siku 60. Na yule ambaye maisha ya kazini yalifanywa magumu hata hakuweza kuyavumilia, sheria yaweza kumhesabu kuwa ameachishwa, wala si kwamba ameacha; lakini huyo ana siku 30 tu, na ataulizwa kama alilalamika kwanza kwa njia zilizowekwa kazini. Kwa hiyo malalamiko nayo yaandikwe mapema. Ndugu zetu walio katika hospitali za Serikali wakumbuke ya kuwa marekebisho ya mwaka 2016 yaliwataka kumaliza kwanza njia za Sheria ya Utumishi wa Umma.

Wako watakaosema ya kuwa karatasi haina nguvu mbele ya mkubwa. Hao na walitafakari jina la mtaa wetu. Kariakoo ni kumbukumbu ya wapagazi wa Vita Kuu ya 1914–1918, waliobeba mizigo ya jeshi la Kiingereza. Wengi wao, na jamaa za waliokufa, hawakupata kamwe mishahara yao iliyobaki. Hawakukosa haki, walikosa hesabu iliyoandikwa barabara na mtu wa kuwasimamia. Wenye maduka ya hapa hapa husema, mali bila daftari huisha bila habari. Na jasho la muuguzi ni mali.

Sisi makarani twajua kuandika barua, kuweka nakala na kuhesabu siku. Elimu hiyo tusiifungie ofisini. Kila mwanachama mwenye dada, mke au jirani katika kazi ya uuguzi na akae naye jioni moja, wausome mkataba wake pamoja, kabla haijaja siku ya kuaga.