Usimzike nyanyako kwa sentensi moja

Wasee, wiki tatu zimepita tangu tumzike ata. Simaanishi ile "ata" ya Sheng. Ata ni nyanya kwa Kiturkana, na huyu ndiye alinilea hapa Kanamkemer.

Kazi ya kuandika wasifu wake nilipewa mimi, ati kwa sababu nashinda kwa simu nikiandika. Nikakesha. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa Januari mosi, kama wazee wengi wa huku ambao tarehe yao ilikisiwa tu. Nikaorodhesha watoto, wajukuu, vitukuu. Halafu nikamalizia na ile sentensi mnaijua nyote: "Alikuwa mwanamke wa sala." Miaka themanini na zaidi, nusu ukurasa.

Sentensi yenyewe si uongo. Alfajiri saa kumi na moja alikuwa kwa rozari. Siku ya jumuiya hakukosa, hata jua la Lodwar likiwaka vipi. Shida ni kwamba sentensi hiyo inamfaa kila nyanya Mkatoliki, kwa hivyo haimsemi yeyote.

Baada ya mazishi, mama mmoja wa jumuiya yake akaniita kando. "Mjukuu, kile kitabu chake cha nyimbo umewahi kukifungua?" Nilikijua kwa nje tu: kimevimba, kimefungwa na kamba. Ata hakujua kusoma. Ndani alikuwa ameweka karatasi za mazishi, zile zenye picha ya marehemu, za miaka na miaka. Kila asubuhi alizipitia moja moja, anaangalia sura, anataja jina, anasema alichotendewa na huyo mtu. Huyu alimpa mtoto wangu maziwa wakati wa Lopiar. Huyu tuligombana juu ya mbuzi, tukapatana. Hiyo ndiyo ilikuwa sala. Mimi nililala chumba cha pili miaka yote nikidhani ananung'unika tu.

Kama hujui, Lopiar ni ule ukame wa 1979 na 1980, uliofagia mifugo ya watu. Kabla yake kulikuwa na Namotor, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ata alihesabu umri kwa njaa, si kwa kalenda. Namotor, alisema, ilimkuta tayari na mtoto mgongoni. Sasa piga hesabu: wamisionari wa Kiltegan kutoka Ireland walifika Turkana 1961, na Lodwar ikawa dayosisi 1978. Maana yake ata hakuzaliwa kwa hii dini. Aliichagua akiwa mama mzima. Kwa nini? Alimwacha nani, nani alimcheka? Sikuwahi kuuliza, na saa hizi hakuna wa kunijibu.

Kanisa kuu letu hapa Lodwar ni la Mtakatifu Augustino. Mamake, Monika, alifariki mwaka 387 huko Ostia, Italia, mbali na kwao Afrika Kaskazini. Aliwaambia wanawe wasisumbuke mwili wake utazikwa wapi, ila wamkumbuke altareni. Sisi tunamjua kwa sababu miaka kama kumi baadaye Augustino aliketi akaandika habari zake. Na hakuandika tu kwamba mama alisali. Aliandika hata vile Monika akiwa msichana alikuwa anaonja divai kisirisiri. Divai! Nani kwetu angethubutu kuweka hiyo kwa wasifu? Lakini ndiyo inamfanya awe mtu.

Najua mtasema wazee hawapendi kurekodiwa. Ukimwendea nyanyako na kamera mbele, kweli atanyamaza. Weka simu chini. Mchotee maji. Keti naye akisuka kikapu cha mkoma, muulize jambo moja: wakati wa njaa fulani, nani alikusaidia? Akianza, usimkatize. Ukirudi kwako ndio uandike. Tangu 2021 Papa Fransisko alitenga Jumapili ya nne ya Julai iwe siku ya mababu na wazee. Ni vizuri, lakini usingoje Julai. Mimi nilikuwa na Julai kadhaa.

Na usiogope kupata majibu yasiyo matakatifu. Ugomvi wa mbuzi haujampunguzia ata utakatifu. Kwangu umeuongeza, kwa sababu sasa najua kila asubuhi alimwombea mtu aliyewahi kumuudhi.

Karatasi yake mwenyewe, ile yangu ya nusu ukurasa, nimeiweka ndani ya kile kitabu. Nyuma yake nimeandika kwa kalamu vitu alivyonitendea. Nimefika kumi na saba, na bado naandika.

Wewe je, nyanyako yuko? Niachie jambo moja lake kwa komenti. Sala hatuhesabu.