NISHANI MOJA, NA WATATU WASIO NA MAJINA



Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi hatumnyimi haki yake Sajenti Nigel Gray Leakey, Mzungu mzaliwa wa Kenya, aliyepigana katika kikosi cha 1/6 cha Keya, kikosi cha Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941, karibu na Kolito, kusini mwa Uhabeshi, askari wa kikosi hicho walikuwa wamevuka Mto Billate na kuishika ng'ambo ya pili bila ya silaha nzito. Ghafla vifaru vya Wataliana vikawatokea nyuma yao kutoka vichakani. Leakey akakirukia kimoja, akakifungua kifuniko, akawapiga risasi waliokuwamo, akambakisha dereva na kumlazimisha akiendeshe mpaka mahali pa usalama. Mzinga wa kifaru kile ulipokataa kufanya kazi, akashuka kwenda kuviwinda vingine kwa miguu. Akapanda juu ya kifaru kingine, na hapo akapigwa risasi, akafa. Hana kaburi lijulikanalo. Mwezi wa Novemba 1945 alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya ushujaa vitani ambayo Uingereza haina iliyo kubwa kuliko hiyo.

Ushujaa huo ni wa kweli, wala hatuna haja ya kuupunguza. Bali tumeisoma khabari yenyewe kama ilivyotangazwa na serikali ya Kiingereza, na ndani yake tumekuta jambo ambalo wasifu wa nishani hiyo hawalitii maanani. Leakey hakwenda peke yake katika mwendo ule wa mwisho. Alifuatana na sajenti-meja mmoja wa Kiafrika na askari wengine wawili. Waliokwenda kwa miguu kuvikabili vifaru walikuwa watu wanne. Mmoja ameandikwa kwa jina lake kamili. Watatu wameandikwa kwa cheo na kwa Uafrika wao tu.

Tunawauliza waungwana: je, risasi za Wataliana zilichagua rangi? Chuma cha kifaru kilikuwa laini kwa Mwafrika na kigumu kwa Mzungu?

Watakuwapo watakaotujibu kwamba ndiyo desturi, na kwamba karatasi ya nishani humtaja mwenye nishani peke yake. Vyema, tunaikubali desturi hiyo. Lakini desturi ya haki humwangukia huyu leo na yule kesho. Hii yaangukia upande mmoja daima! Katika vita vyote vya 1939 hadi 1945 hapana hata askari mmoja mweusi wa Afrika aliyepewa Msalaba wa Victoria, ilhali Keya walipigana Uhabeshi, wakapigana Madagaska, wakapita katika matope na maradhi ya bonde la Kabaw, Burma, mwaka 1944.

Na dhulma haikuishia katika nishani. Mwaka 2019 ilifichuliwa kutoka katika nyaraka za wakati ule kwamba malipo ya kuagwa jeshini yalipimwa kwa rangi ya ngozi, hata Mzungu akapata mpaka mara tatu ya Mwafrika wa cheo chake. Mwaka 2021 tume ya Kiingereza inayoangalia makaburi ya vita ilikiri, kuhusu vita vya 1914 hadi 1918, kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali yao ikaomba radhi Bungeni. Radhi tumeisikia. Majina yako wapi?

Lakini tusiwanyoshee kidole wageni tu, nasi tukajisahau. Sanamu ya Askari imesimama Dar es Salaam tangu 1927, na kila mtu aijua, lakini hapana ajuaye ni nani. Kila tarehe 25 Julai wakubwa wetu huweka mashada na silaha penye mnara wa mashujaa, paredi ikapigwa, kisha watu wakaenda zao. Shujaa asiye na jina ni mwepesi kumheshimu, maana hana mjane wa kudai wala mjukuu wa kuuliza.

Basi sisi twadai mambo matatu. Kwanza, serikali yetu iidai London ifungue daftari za Keya, na majina yote yapatikanayo yaandikwe. Pili, majina hayo yasomwe hadharani kila Siku ya Mashujaa, badala ya hotuba ndefu. Tatu, kila nyumba yenye barua, picha au nishani ya babu aliyekuwa Keya iandike yanayokumbukwa, kabla wanaokumbuka hawajatutoka.

Leakey amepata haki yake. Wale watatu waliofuatana naye wangali wanaingoja yao. Deni halifi kwa sababu mwenye deni amekufa. Hurithiwa, na warithi ni sisi.